Swichi ya HDMI ipi inafaa TV iliyobaki na tundu moja? Na kwa nini king'amuzi tu ndicho kinachokatakata picha?

#1 Mla Mihogo
Wakuu, habari za jioni.

Nina TV ya inchi 43 yenye matundu mawili ya HDMI, yale ya waya mmoja wa picha na sauti. Moja lilikufa masika yaliyopita, fundi akafungua akasema ni bodi, na gharama ya bodi haina tofauti kubwa na TV ya mtumba. Limebaki moja, na wanaoligombania ni watatu: king'amuzi cha dishi, PS4 ya vijana, na laptopu ambayo mama watoto anaitumia jioni kuwafundishia wadogo. Kila saa kuna mtu nyuma ya TV na tochi ya simu, anachomoa hiki anachomeka kile. Sasa tundu lenyewe limeanza kulegea.

Nimepita Kariakoo, mtaa wa Aggrey, nikaonyeshwa swichi za aina tatu, zote matatu kuingia na moja kutoka. Kuna ya kitufe isiyotumia umeme, kuna ya kujigeuza yenyewe kifaa kikiwaka, na kuna ya rimoti yenye waya wa kuchomeka kwenye adapta. Muuzaji anasema zote kazi yake moja, tofauti ni bei. Mwenye kuzijua aniambie.

Jambo la pili. Jirani yangu anayo swichi. PS4 kwake safi, laptopu safi, lakini king'amuzi picha inapotea sekunde mbili tatu, kioo kinakuwa cheusi, inarudi. Baada ya dakika kadhaa tena. Chanzo ni nini? Sitaki kununua ugonjwa ule ule.

#2 Bin Ngamiani
Chukua ya kitufe mkuu. Ninayo hapa Tanga, haina adapta, haina rimoti ya watoto kupoteza. Unabonyeza, imekwisha. Kitu kisicho na mambo mengi hakiharibiki.

#3 Dada wa Nyakato
Si ununue spliti tu? Ni kitu kile kile na zinapatikana kila duka.

#4 Fundi Mabibo
Dada wa #3, hapana. Spliti inachukua kifaa kimoja na kukipeleka kwenye TV mbili au zaidi. Mwenye uzi anataka kinyume chake, vifaa vitatu kwenye TV moja. Kwa sura zinafanana kabisa, ndiyo maana watu wanauziwa moja kwa jina la nyingine. Usisome boksi, soma maandishi kwenye kifaa chenyewe: penye IN 1, IN 2, IN 3 na OUT moja ndiyo swichi. Ukiona IN moja na OUT nyingi, rudisha.

Kwa #2: za kitufe nyingi ndani hamna kitu zaidi ya kubadili njia. Hazisafishi mawimbi wala haziyapi nguvu, yakiingia dhaifu yanatoka dhaifu zaidi. Kwa waya wa mita moja na nusu kila upande na picha ya 1080p, yaani Full HD, inafanya kazi bila tatizo. Weka waya wa mita tano kuingia na wa mita tano kutoka, utaanza kuona vidoti vyeupe vinarukaruka kwenye picha, au isionekane kabisa.

Ugonjwa wa jirani yako mimi naona ni umeme. Kila kifaa chenye HDMI kinatoa volti 5 kwenye pini ya 18, na kanuni inakitaka kitoe angalau miliampu 55. Hiyo ni kidogo sana. Swichi isiyo na adapta inaishi kwa hicho kidogo, na TV nayo inakitumia kujua kwamba kuna kifaa kimechomekwa. King'amuzi kikiwa mchoyo wa hizo volti, swichi inazimika na kuwaka. Muulize kama yake ina tundu la adapta na kama amelitumia.

#5 Mzee wa Kibanda
Naendesha kibanda umiza huku Mbagala. Projekta moja, ving'amuzi viwili, kwa sababu ligi ya kwetu iko kwenye kimoja na ya Uingereza kwenye kingine. Nisikilize mimi mwenye watu sabini wanaokutazama wewe badala ya mpira.

Ya kujigeuza yenyewe usiinunue kwa matumizi ya kwangu. Umeme ukikatika na kurudi, ving'amuzi viwili vinawaka kwa zamu, picha inakwenda kwa cha mwisho kuwaka. Unakuta penalti inapigwa na kioo kinaonyesha tangazo la sabuni kwenye king'amuzi kingine. Nilichukua ya rimoti yenye adapta yake na sijawahi kuinuka kwenye kiti.

#6 Kijana wa Iyunga
Fundi #4 kasema vizuri ila kwenye king'amuzi nadhani kakosa. Tatizo hapo ni HDCP, kufuli la kuzuia watu wasirekodi vipindi. King'amuzi na TV lazima visalimiane kwa funguo za siri kabla picha haijatoka, na vinaendelea kuhakikishana kila mara wakati unatazama. Swichi ya bei rahisi iliyokaa katikati ikichelewesha jibu, king'amuzi kinazima picha, kinaanza kusalimiana upya. Ndizo sekunde mbili tatu anazoziona jirani. Laptopu haina neno kwa sababu ukionyesha daftari la hesabu hakuna kinachofungwa.

Kufuli hilo asili yake ni Intel. Toleo la 1.4 linatosha picha za HD. Vipindi vya kulipia vya 4K, picha kali kuliko HD, vinadai 2.2. Kwa hiyo kwenye boksi tafuta HDCP 2.2, ukiikosa acha.

#7 Nuru Kiembesamaki
Shekhe wa #6, hoja yako nzuri lakini ina tundu. PS4 nayo inatoka kiwandani kufuli hilo likiwa limewashwa, mpaka uende kwenye mipangilio ukalizime mwenyewe. Mbona kwa jirani PS4 haikati?

#8 Kijana wa Iyunga
#7 labda jirani alilizima ili arekodi gemu zake. Au swichi inaelewana na PS4 na haielewani na king'amuzi. Vifaa havina tabia moja.

#9 Nuru Kiembesamaki
"Labda" haitengenezi TV ya mtu. Aulizwe.

#10 Msafiri wa Luthuli
Salamu kutoka Nairobi. Hapa Luthuli Avenue swali la kwanza wanalokuuliza ni TV yako ni ya 4K ama ni Full HD, na hapo juu hakuna aliyeuliza. Ukipewa swichi kabla ya swali hilo, mtu anamaliza stoki yake kwako.

Picha ya 1080p kwa fremu 60 inahitaji karibu gigabiti 4.5 kwa sekunde. HDMI 1.4 ya mwaka 2009 inabeba 10.2, kwa hiyo inabaki nafasi. 4K kwa fremu 60 inahitaji karibu 18, na hapo lazima iwe 2.0. Wauzaji wanaandika "4K" kwa herufi kubwa juu ya swichi ya 1.4, na hawadanganyi, kwa sababu inaonyesha 4K kweli, ila kwa fremu 30. Mchezaji wa gemu atakuchukia. Soma kama imeandikwa 4K@60Hz au 18Gbps.

#11 Bin Ngamiani
#10 mbona bei hujataja? Wakenya kwa kuficha bei!

#12 Msafiri wa Luthuli
#11 bei ni ya kuongea. Njoo na shilingi zako tuone zitafika.

#13 Mla Mihogo
Asanteni wote. Nimerudi na majibu.

TV yangu ni Full HD, si 4K. Swichi ya jirani ni ya kujigeuza yenyewe, ina tundu dogo la adapta pembeni lakini hakuwahi kuchomeka kitu. Tumeiazimia chaja ya simu, tukaiacha jioni nzima. Picha ya king'amuzi bado ilikatika, ila naona mara chache kuliko kwanza. King'amuzi kikiwa peke yake moja kwa moja kwenye TV hakikati hata siku nzima. Kwenye PS4 anasema hajagusa mipangilio yoyote ya kufuli.

#14 Fundi Mabibo
Imepungua baada ya kupewa umeme. Umeme ulikuwa sehemu ya tatizo, sijasema zaidi.

#15 Kijana wa Iyunga
Imepungua na haijaisha. Fundi, ugonjwa ukipungua na haujaisha dawa siyo hiyo.

#16 Mama Bodi
Ninyi wote mmeruka neno kubwa aliloandika #13: swichi ya kujigeuza. Hizo zinafanya kazi kwa kunusa. Kila tundu linachunguzwa kama lina volti 5 au mawimbi, likija jipya inahamia. PS4 ikiwa imelazwa, taa ya rangi ya chungwa, haijazimwa. Inaamka usiku kupakua masasisho. King'amuzi vilevile, taa nyekundu haina maana kimezimika. Kama PS4 ya jirani inashtuka kila baada ya dakika kadhaa, swichi inaruka kwenda kwake, haikuti picha, inarudi. Kioo cheusi sekunde mbili tatu, sawasawa na alivyosimulia.

Jaribio lake ni rahisi. Achomoe waya wa PS4 kwenye swichi, abaki na king'amuzi tu, atazame mpira dakika tisini.

#17 Mzee wa Kibanda
#16 mama umenena. Ndicho nilichokisema kwa upande wa umeme kukatika.

#18 Dada wa Nyakato
Asante #4, kumbe mimi niliyonayo ndiyo swichi, nimeenda kuangalia maandishi. Swali langu: nikiweka swichi, sabufa yangu itapata sauti wapi?

#19 Mtu wa Soweto Moshi
Sauti itapotea dada, swichi hazipitishi sauti kwenda sabufa.

#20 Fundi Mabibo
#19 si hivyo. HDMI inabeba picha na sauti kwenye waya mmoja, vyote vinafika TV. Kutoka TV kwenda sabufa ni njia nyingine kabisa: waya wa nyekundu na nyeupe, au tundu la hedifoni, au waya wa mwanga kama sabufa inao. Dada, kama sabufa yako iko hivyo, haiathiriki na lolote.

Pa kuangalia ni kwa wenye spika ndefu ya chini ya TV inayotumia tundu la HDMI lililoandikwa ARC. Hapo sauti inarudi kinyume, kutoka TV kwenda spika, na swichi nyingi hazipitishi sauti ya kurudi. Tundu la ARC liachie spika, swichi ipeleke tundu lingine. Mwenye tundu moja kama Mla Mihogo na spika ya aina hiyo, atafute waya wa mwanga.

#21 Babu wa Chogo
Vijana mnahangaika. Enzi za TV za chogo tulikuwa na kiboksi cha vitufe vinne, waya wa njano, mweupe na mwekundu. Deki huku, gemu huku, king'amuzi kikaja mwaka 2013 walipozima analojia, kikachomekwa palepale. Hakuna kufuli, hakuna kusalimiana.

#22 Nuru Kiembesamaki
Babu, Dar mitambo ya analojia ilizimwa 31 Disemba 2012. Mikoa mingine ndiyo ilifuata 2013.

#23 Babu wa Chogo
Mimi nilikuwa Dodoma mjukuu wangu, kwetu ulikuwa 2013. Shikamoo yangu iko wapi?

#24 Nuru Kiembesamaki
Shikamoo babu.

#25 Babu wa Chogo
Marahaba. Basi sikiliza. Hizo nyaya tatu bado zipo nyuma ya ving'amuzi vingi vya bei ya chini, na TV nyingi bado zina matundu yake. Jirani apeleke king'amuzi kwa nyaya tatu, HDMI abaki nayo PS4 na laptopu. Ugomvi umekwisha bila shilingi.

#26 Kijana wa Iyunga
Babu picha itakuwa ya zamani, mistari 576 badala ya 1080. Mpira kwenye kioo cha inchi 43 utaona ukungu kwenye majani. Ila kwa taarifa ya habari inatosha.

#27 Fundi wa Dishi Igoma
Nimechelewa uzi. Mimi nafunga madishi kwa kazi, na kesi kama hii nimekutana nayo kwenye nyumba za watu. Hakuna aliyegusa ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini.

King'amuzi ndicho kifaa pekee kati ya hivyo vitatu chenye waya unaopanda darini. Dishi ni chuma, limekaa kwenye paa au mlingoti, waya wake una ganda la chuma linalogusa king'amuzi mpaka kwenye ganda la HDMI. TV, king'amuzi na adapta za pini mbili hazina ethi, na ndani yake kuna kapasita ndogo zinazovujisha umeme kidogo kwenye chuma. Shika kichwa cha waya wa dishi kwa mkono mmoja na ganda la HDMI ya TV kwa mwingine vikiwa kwenye umeme, utasikia kitu kinatambaa kwenye vidole. Sisemi ufanye, nasema waliofanya wanajua. Umeme huo ukipita kwenye swichi dhaifu unachafua mawimbi. Na ndiyo njia inayoua matundu ya HDMI. Mla Mihogo, tundu lako lilikufa masika, kipindi cha radi. Nakuuliza: lilikuwa la nini?

#28 Mla Mihogo
La king'amuzi.

#29 Fundi wa Dishi Igoma
Basi kabla ya swichi, dishi lipate ethi ya kwake, waya wa shaba mpaka kwenye chuma kilichozikwa ardhini, na ukiona mawingu ya radi yanakuja, chomoa waya wa dishi kabla haijaanza kunguruma. Pia wafundishe vijana wazime ukutani kabla ya kuchomeka HDMI. Swichi ina faida ambayo hapo juu haijatajwa: radi ikipita, huenda ikafa swichi kwanza. Si kinga, ila kati ya swichi na bodi ya TV najua ningependa kipi kife.

#30 Mama Bodi
#29 sikubali kwa sehemu ya kukatakata. King'amuzi hicho hicho, dishi hilo hilo, kikichomekwa moja kwa moja hakikati. Ethi haijabadilika hapo.

#31 Fundi wa Dishi Igoma
Haijabadilika, lakini kimeongezeka kiungo dhaifu na waya wa pili. TV yenyewe inavumilia uchafu ambao swichi haiuvumilii.

#32 Msafiri wa Luthuli
Waya wa pili, hapo umesema. Jirani alipoweka swichi ilibidi aongeze waya mmoja. Ule mpya ni wa wapi? Nimeona watu wakinunua swichi nzuri na waya uliokuja bure na king'amuzi. Abadilishane: waya wa PS4 aupeleke kwenye king'amuzi na wa king'amuzi kwenye PS4. Ugonjwa ukihama na waya, mmeupata.

#33 Mla Mihogo
Nimefanya ya #16 na #32 kwa jirani, mwenyewe ameshachoka na sisi.

PS4 ilipochomolewa kabisa, king'amuzi kilikata mara moja kipindi chote cha kwanza, na mke wake anasema ilikuwa wakati friji inawaka. Tulipobadilisha nyaya, PS4 haikukata na waya wa king'amuzi. King'amuzi kiliendelea kukata na waya wa PS4.

#34 Kijana wa Iyunga
Waya umesafishwa. Tumebaki na kufuli.

#35 Fundi Mabibo
Umesoma neno friji? Kompresa ikianza kuvuta, volti zinashuka ghafla nyumba nzima. Chaja ya simu ya bei ya karanga inatikisika. Turudi kwenye umeme.

#36 Mama Bodi
Na kabla ya hapo kilikuwa kinakata kila dakika chache, sasa mara moja kwa kipindi kizima. PS4 ndiyo iliyoondoka. Nani alisema?

#37 Fundi wa Dishi Igoma
Friji inapiga mshtuko kwenye nyaya zote zisizo na ethi. Mimi pia nipo palepale.

#38 Bin Ngamiani
Kila mtu kashinda!

#39 Nuru Kiembesamaki
Mmoja hajatajwa. King'amuzi kinatoa 1080i kwa Hz 50, PS4 na laptopu zinatoa Hz 60. Na ving'amuzi vingine vimewekwa kufuata ubora wa chaneli, vinabadilika vyenyewe kutoka 576 kwenda 1080 tangazo likiingia. Kila kikibadilika TV inaanza kupatana upya, na swichi mbovu inachelewa. Kwenye mipangilio ya king'amuzi aondoe hali ya kujichagulia, akifunge kwenye 1080i au 720p, aone.

#40 Mtu wa Soweto Moshi
Mimi sina ugonjwa, nataka kununua tu. Nina kioo kimoja cha kompyuta, laptopu ya kazini na kompyuta ya nyumbani, kibodi moja na mausi moja. Swichi hii inafaa?

#41 Fundi Mabibo
#40 kwako tafuta swichi ya KVM. Inabadilisha picha, kibodi na mausi kwa pamoja kwa kitufe kimoja. Ila laptopu kama inatoa picha kwa tundu la USB la aina ya C, hakikisha kwanza tundu hilo linatoa picha. Si yote, mengine ni ya chaji na data tu. Na kama kioo chako ni cha zamani chenye VGA tu, kumbuka VGA haina sauti, na king'amuzi kikikuta njia ya VGA kufuli la #6 linagoma.

#42 Mla Mihogo
Wakuu, nimenunua. Ya rimoti, matatu kuingia, imeandikwa 4K@60Hz na HDCP 2.2, nimeipa adapta yake ya volti 5 ampea 1 wala siyo USB ya TV. Dishi limepata ethi, fundi wa mtaani kaja kufunga, asante #29. King'amuzi nimekifunga kwenye 1080i. Siku ya nne hii, hakijakata.

Sasa jipya: nikibonyeza 2 kwenye rimoti ya swichi, sabufa inapandisha sauti. Nikipunguza sauti ya sabufa, swichi inaruka kwenda kwenye laptopu.

#43 Mzee wa Kibanda
Rimoti hizo zinatumia namba za kufanana, hasa za kiwanda kimoja. Kwangu nilibandika kipande cha gundi nyeusi ya umeme kwenye jicho la sabufa, nikawa naongeza sauti kwa mkono.

#44 Mama Bodi
Au tumia jicho la waya kama swichi ilikuja nalo. Ni kiwaya chembamba chenye kidoti cheusi mwishoni, kinachomekwa pembeni ya swichi. Lipeleke nyuma ya TV liangalie ukuta, ukitaka kubadilisha unanyoosha rimoti kule. Sabufa haitaona kitu.

#45 Bin Ngamiani
Ya kitufe haina hayo yote.

#46 Mla Mihogo
#44 jicho lilikuwemo kwenye boksi, nimelifunga, sabufa imetulia. Jirani kaamua king'amuzi kiende kwa nyaya tatu za babu mpaka mwisho wa mwezi, halafu anunue kama yangu.

#47 Babu wa Chogo
Mwambie asibane sana hizo nyaya nyuma, ya njano ikilegea picha inakuwa nyeusi na nyeupe.